Sheria ya Samaki Mbili na Njia ya Kukhu

Ile sheria ya samaki mbili ni mimi niliitangaza. Ukifika Chekalini usidanganywe ati ilitoka serikalini. Serikali ilileta mashauri, hiyo sikatai, lakini mdomo uliosimama juu ya ukingo wa bwawa ukasema "Kila mtu samaki mbili kwa siku, basi!" ulikuwa huu wangu, na siku hiyo ulisikika mpaka ng'ombe wa Uganda wakaacha kula nyasi.

Bwawa yenyewe iliachwa na mzungu. Alikuwa na shamba ya mahindi kutoka hapa mpaka macho yako yachoke, akachimba bwawa anyweshe ng'ombe, halafu akaenda kwao. Wazazi wetu wakaja wakagawana shamba, kila familia na kipande yake. Bwawa peke yake haikugawanyika, kwa sababu nani atakata maji na panga? Ikabaki ya wote. Samaki nani aliweka, hatujui. Wengine wanasema ni huyo mzungu, wengine wanasema ndege walibeba mayai kwa miguu. Mimi ninaambianga watu ya kwamba kambare wa kwanza alitembea mwenyewe kutoka mto Nzoia, akafika hapa asubuhi, akauliza kama kuna ploti.

Baba yangu alitoka Shinyalu, karibu na msitu. Huko walikuwa wanavua mtoni na migono, vile vikapu vya fito ambavyo samaki ikiingia haijui kutoka. Alipohamia Lugari alibeba vitu tatu: jembe, mama yangu, na sheria moja ya samaki. Sheria ilikuwa hii: samaki haifichwangi. Pesa unaweza kuficha, mbegu unaficha, hata ugonjwa watu wanafichanga. Lakini samaki unapitisha kamba ya katani kwa mashavu yake, unaining'iniza kwa mkono, unatembea nayo njiani kila mtu akiiona. Na yule wa kwanza kukusalimia, unamwachia moja. Kama ni moja tu umepata, unamkatia.

Mimi nikiwa mdogo nilikuwa ninanuna. Baba akiniona nimenuna ananiuliza, "Wewe ulilima hiyo maji?"

"Hapana, baba."

"Hiyo samaki ulipanda? Ulipalilia?"

"Hapana."

"Basi toa hiyo mdomo njiani watu wapite."

Watu waliotoka pande zingine, Maragoli, Bunyore, wapi na wapi, walituchekanga kwanza. Halafu wakaona ya kwamba siku wewe unapeana, lakini siku ingine ni wewe unasalimia. Wakazoea. Ikawa ndiyo desturi ya bwawa yetu, na hakuna mtu aliiandika mahali.

Sasa, kutoka bwawa kwenda kwa maduka kulikuwa na njia moja, na hiyo njia ilipita kwa lango la Kukhu. Kukhu ni nyanya, na tulimwita hivyo hata kama hakuna mmoja wetu alizaliwa na watoto wake. Bwana yake alikuwa amekufa kitambo. Watoto walienda Nairobi, wakawa wa kupiga simu Krismasi. Na miguu yake haikupatana na nyama ya ng'ombe. Akionja kidogo tu inafura kama mandazi iliyosahauliwa ndani ya chai. Kuku alikuwa na watatu, na hao walikuwa wa mayai. Kwa hivyo kitoweo yake, nyama yake ya kuweka kando ya obusuma, huo ugali wetu, ilikuwa ile samaki inayopita njiani.

Lakini usifikiri aliomba. Huyo mama haombi! Jioni alikuwa anakaa langoni na ungo ya maharagwe akitoa mawe. Mimi sijaona maharagwe ikichaguliwa miaka mingi hivyo. Ilikuwa safi kuliko roho ya padri na bado anachagua. Na macho alikuwa nayo. Wewe bado uko mbali kama kutoka hapa mpaka kanisani, hujajua kama ule ni mtu ama ni kisiki, yeye ashaita, "Mulembe!" Tayari ni wa kwanza. Unafika, unamwachia samaki, anasema "Hii imenona," hata kama ni mifupa tu, unaenda. Alikuwa anajua habari ya kila samaki iliyotoka kwa hiyo bwawa kushinda mama yake aliyeizaa.

Halafu samaki ikaisha. Hapa wacha nisicheke. Tuliimaliza sisi wenyewe. Mtu mmoja alianza kuvuta na neti ya mbu, ile ya kulalia. Neti ya mbu haiachi kitu: inatoa samaki, inatoa mtoto wa samaki, inatoa hata mawazo ya samaki. Wengine wakaona huyo anapata ndoo mbili, wakaleta neti zao. Watu wakalala bila neti, mbu wakanona, samaki wakakonda. Kambare wa siku hizo alikuwa mwembamba mpaka ungeweza kushona suruali na yeye. Mwishowe unaweka ndoano asubuhi, unatoa jioni, na mnyoo wako bado yuko hapo mzima, anakuuliza kama mnaenda nyumbani.

Hapo ndipo tuliita bwana samaki wa serikali. Alikuwa kijana anayekaa Shieywe, huko Kakamega mjini, akaja na pikipiki na viatu vinavyong'aa, na kabla saa moja kuisha vile viatu vilikuwa vimekunywa matope yote ya Lugari. Hakukasirika. Akatueleza polepole, kama mtu anayeongea na wagonjwa. Neti ya mbu marufuku. Ndoano peke yake. Samaki ambayo haijafika urefu wa kiganja chako na vidole, unairudisha, hata kama una njaa. Na mvua ndefu ikianza, bwawa inafungwa, kwa sababu wakati huo kambare anaingia kwa nyasi ya maji kidogo kutaga mayai, na hapo hata mlevi anaweza kumshika na kofia.

"Ukimtoa huyo mama siku hiyo," akasema, "umetoa ukoo mzima."

Hiyo maneno iliingia.

"Na kwa siku mtu achukue ngapi?" mmoja akauliza.

"Hiyo mkubaliane nyinyi wenyewe. Ni bwawa yenu."

Mimi nilikuwa nimechaguliwa mwenyekiti wa bwawa asubuhi hiyo hiyo. Shule niliacha darasa la tatu, kusoma kwangu ni kwa kubahatisha, lakini sauti Mungu alinipa ya watu wanne. Nikasimama nikasema mbili. Kwa nini mbili? Watu wameniuliza sana. Nilisema mbili kwa sababu nina mikono miwili. Hakuna hesabu ingine iliingia hapo. Kila mtu akapiga makofi, karani akaandika kwa daftari, na hakuna hata mmoja wetu, na tulikuwa watu wazima wenye akili na makoti, aliyeuliza: na ile samaki ya njiani itatoka wapi?

Baadaye tuliongeza ya kwamba hakuna kumvulia mtu mwingine. Hiyo ilikuja kwa sababu ya mzee mmoja aliyeshikwa na samaki kumi na nane akasema mbili ni zake, mbili za bibi, na zingine za watoto wake saba. Tukahesabu watoto tukapata sita. Akasema wa saba bado yuko tumboni lakini tayari anapenda samaki.

Sheria ilifanya kazi. Kusema ukweli, ilifanya kazi kushinda vile nilitarajia. Mwaka haukuisha samaki wakaanza kuruka jioni, wanaruka wanaangalia nani amekuja, wanarudi chini kuambiana. Ngege, ile tilapia yetu, ikawa pana kama sahani. Kambare mmoja alipotolewa, maji ya bwawa ilishuka mpaka bata wakashtuka. Nilikuwa ninatembea Chekalini kifua mbele. Mwenyekiti! Watu wa bwawa zingine walikuja kuniuliza dawa, na mimi ninawaambia, "Mbili. Dawa ni mbili."

Lakini polepole kuna kitu ilianza kubadilika njiani, na mimi nilikiona mapema nikajifanya sijakiona.

Mtu mwenye samaki sita akisalimiwa, anapeana moja na hata haisikii. Mtu mwenye mbili, na nyumbani ako na vinywa saba, akiachia Kukhu moja, anafika na moja. Na siku amepata moja tu, akimkatia Kukhu anafika na nusu. Sasa watu wakaanza kubeba mifuko. Mwingine anaweka samaki ndani ya mtungi, mwingine ndani ya mzigo wa nyasi ya ng'ombe. Kuna mama mmoja alikuwa anafunga yake mgongoni na leso kama mtoto, na ukimuuliza mtoto anaendelea aje anasema ako na homa. Salamu nayo ikabadilika. Zamani mlikuwa mnakutana, "Umepata?" "Nimepata!" Siku hizo mkikutana, kila mtu anaangalia juu, anasema, "Hii mvua sijui itakuja lini." Mpaka siku mvua inanyesha.

Halafu wakakata njia ingine, kupitia nyuma ya josho ya ng'ombe. Ni ndefu, ina miiba, inanuka dawa ya kupe. Ile ya zamani, ya kupita kwa Kukhu, ikaota nyasi. Hakuna mtu alisema ni kwa nini. Ukiuliza unaambiwa, "Huku kuna kivuli." Kivuli! Ya nini, ya kupe?

Na mimi mwenyekiti, wewe uliza: mimi nilipita wapi? Nilipita josho.

Nilikuwa ninajiambia Kukhu ako sawa. Nilikuwa ninajiambia watoto wake wanatuma kitu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Lakini siku moja kwa duka nilimwona akinunua chumvi peke yake, na nikaona mkono uliokuwa na nyama umebaki kama fimbo. Akanisalimia, "Mulembe, mwenyekiti," na hakuniita mwanangu vile aliniitanga. Mwenyekiti! Nikatafuta jibu, nikaongea juu ya mvua.

Sasa sikia yale nilifanya.

Wakwe zangu kutoka Shinyalu walituma habari ya kwamba wanakuja Jumamosi. Mkwe ni mkwe, huwezi kumwekea mboga peke yake. Nikaenda bwawa mapema, nikapata kambare wawili, wazuri, kila mmoja mrefu kama mkono wangu. Sawa, labda kama nusu ya mkono. Nikafika kwa njia ya josho nikakuta trakta imezama hapo kwa matope, imeziba kila kitu, watu kumi wanasukuma na watu ishirini wanashauri. Hakukuwa na kupita. Njia iliyobaki ilikuwa ya Kukhu.

Nilisimama hapo nikifikiri. Halafu nikakaa chini, nikavua gamboti, nikaingiza kambare mmoja kwa gamboti ya kulia na mwingine kwa ya kushoto, nikarudisha mguu juu yao. Kama hujawahi kuvaa gamboti na kambare, usijaribu. Na kuna kitu nilisahau, mimi niliyezaliwa kwa samaki. Ngege ukimtoa majini anakufa haraka kwa heshima. Kambare hafi. Kambare anaweza kukaa nje anapumua hewa yako saa nzima, bora tu asikauke. Na pembeni ana miiba.

"Mulembe, mwenyekiti!"

Alikuwa pale langoni na ungo yake. Nyasi ya njia ilikuwa imefika magotini na bado alikuwa anakaa hapo.

"Mulembe muno, Kukhu."

"Siku mingi. Umepata?"

Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwa moja tu. Lakini nilifikiri juu ya wakwe, nikasema, "Leo hakuna kitu, Kukhu. Bwawa imelala kabisa. Na wakwe zangu wanakuja, sijui nitawapikia nini."

"Uwi! Wakwe na hakuna kitu?"

"Hakuna kitu."

"Kaa upumzike basi. Unatembea kama mtu amechomwa."

"Ni mshipa, Kukhu."

"Mshipa. Miguu yote miwili?"

"Yote miwili."

Akaniletea kiti. Nikakaa. Yule wa kushoto akageuka. Mwili wote ulinitoka jasho, nikashika kiti kama mtu anayepanda pikipiki ya mlevi. Yule wa kulia akasikia mwenzake amegeuka, na yeye akapiga mkia: pu! pu! Gamboti ikacheza peke yake. Nikaweka mguu mmoja juu ya mwingine. Ikawa mbaya zaidi, sasa wameonana. Kukhu anachagua maharagwe. Ananipa habari ya kanisa, habari ya mahindi, habari ya mtoto wake wa pili aliyeacha kazi. Hakuna habari fupi dunia nzima siku hiyo! Mwiba ukaingia kwa kisigino, nikasema "Amina" mahali hapakuwa na maombi.

Mwishowe nikasimama niende. Akaniambia ngoja. Akaingia ndani, nikasikia kelele, akatoka na kuku. Wale watatu wake, alikuwa ameshika mmoja, jike la mayai, amefunga miguu na kitambaa.

"Chukua hii ingokho. Mkwe hawezi kulala njaa kwa mtu wetu."

"Kukhu, hapana…"

"Umesema huna kitu. Ama uko na kitu?"

Aliniangalia machoni wakati alisema hiyo. Nikachukua kuku. Nikashukuru. Nikatembea, kuku kwa mkono, samaki kwa miguu, na nyuma yangu akaita, "Enda polepole, mwenyekiti, usiumize mshipa."

Jumamosi ilikuwa karamu. Samaki, kuku, obusuma kama kilima. Mama mkwe alisema tangu binti yake aolewe hajakula hivyo. Mimi kila tonge lilishuka kama msumari. Wageni walipoenda nikamwambia bibi yangu yote. Nilitaka apige kelele. Angepiga kelele ningepona. Yeye alifuta meza mpaka ikaisha vumbi, akasema tu, "Rudisha."

"Nirudishe nini? Tumemla."

"Basi sijui. Lakini kwa hiyo lango mimi sitapita tena na wewe."

Nilikaa na hiyo kitu wiki mbili. Nilifikiri kununua kuku mwingine nimpelekee. Lakini kuku mwingine haingeondoa ile ingine. Yeye hakuniuzia, na mimi nilijua hata nikipeleka kuku kumi, atabaki amekaa langoni kwa njia ya nyasi, na sisi wote tunanuka dawa ya kupe. Shida haikuwa kuku. Shida ilikuwa ile mbili yangu, na ubaya wake ni kwamba ilikuwa sheria nzuri. Kama ingekuwa mbaya ningeifuta na mate.

Basi mkutano wa bwawa ukafika, ule wa kufunga kabla ya mvua. Tulikaa kwa ukingo kama kawaida, na bwana samaki akaja, sasa amevaa gamboti, amejifunza. Na safari hii hata Kukhu alikuja, akakaa juu ya mtungi uliogeuzwa. Sijui nani alimwita. Nikamwona bibi yangu anaangalia mbali, nikajua.

Karani akasoma sheria zetu zote. Akamaliza, akasema mwenyekiti aongee. Nilikuwa nimepanga maneno mengine mazuri. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Mimi nilibeba kambare wawili ndani ya gamboti nikimficha Kukhu." Na nikaeleza yote, mpaka Amina.

Watu walicheka! Kuna mzee aliteleza mpaka maji ikamfika magotini na bado anacheka. Mimi pia nilicheka, nisidanganye. Lakini kicheko kilipoanza kupungua, kikapungua vibaya, kwa sababu kila mtu alikuwa anakumbuka mfuko wake. Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Mimi ni nyasi ya ng'ombe." Mwingine, "Mimi ni mtungi." Yule mama wa leso akasema, "Haya, hata mtoto amepona homa."

Kukhu peke yake hakuwa amecheka. Nikamgeukia.

"Kukhu, ulijua?"

"Gamboti ilikuwa inapumua. Ningekosa kujua aje?"

"Sasa kwa nini ulinipa kuku?"

"Ulisema huna. Mtu akisema hana, anapewa. Mimi nianze kupekua watu miguu?"

Hapo hakuna mtu alicheka.

Mmoja akasema turuhusu samaki tatu, ya tatu iwe ya njiani. Bwana samaki akahesabu kwa vidole watu wetu wote, akatikisa kichwa. "Mkiongeza moja kwa kila mtu, mtakuwa mmerudi kwa neti ya mbu polepole. Na nani atajua kama ya tatu imeachwa njiani ama imeliwa nyumbani?" Alisema ukweli, sote tulijijua. Mwingine akasema basi tuandike kila mtu lazima ampe Kukhu. Kukhu akasimama juu kabisa.

"Nani amewaambia mimi ni kodi? Samaki ya kuandikwa kwa daftari sitaki. Mkiileta nitaipa paka."

"Huna paka, Kukhu."

"Nitanunua!"

Na mimi, sijui ilitoka wapi, labda ni kwa sababu nilikuwa nimeshavuliwa nguo mbele ya watu na sikuwa na kitu kingine cha kupoteza, nikasema, "Mbili ibaki mbili. Tusiandike ati mtu apeane. Lakini tuandike hii: samaki ya bwawa hii inabebwa kwa kamba, nje, ionekane. Hakuna mfuko, hakuna mtungi, hakuna gamboti. Ukipeana ama usipopeana, hiyo ni wewe na uso wako. Lakini usifiche."

Mzee mmoja akauliza, "Na mtu akipita na mbili zake kwa kamba, asipeane?"

"Apite. Lakini apite akionekana."

Bwana samaki akasema hiyo si ya sheria ya serikali, hawezi kuipeleka Kakamega. Tukamwambia haiendi Kakamega, inaenda tu mpaka kwa maduka. Tukapiga kura kwa mikono. Watatu walikataa, na mimi ninawaheshimu, walikataa wakionekana. Halafu tukakubaliana kupeleka mapanga kwa ile njia ya zamani tufyeke.

Bwawa ilifungwa, mvua ikanyesha mpaka vyura wakaomba mwavuli, ikafunguliwa. Siku ya kwanza nilikuwa hapo kabla ya jua. Nilikaa mpaka mchana, nikapata ngege moja. Moja! Watu walio kando yangu wanatoa, mimi ninaangaliwa tu. Nikapitisha katani kwa mashavu nikashika njia.

Alikuwa langoni. Nilingoja aite. Hakuita. Nilitembea njia yote, hatua kwa hatua, samaki inaning'inia, na yeye anachagua maharagwe kama hakuna mtu duniani. Ikabidi mimi nianze.

"Mulembe, Kukhu."

"Mulembe."

"Nimepata."

"Ninaona."

Nikamnyooshea. Hakunyoosha mkono.

"Kama hiyo ni ya kulipa kuku, enda nayo," akasema. "Kuku nilipeana. Haidaiwi."

"Si ya kulipa."

"Ni ya nini?"

Nilifikiri sana, mimi mtu wa maneno mengi, na nikapata machache. "Ni samaki tu, Kukhu. Nimepita nayo."

Akaiangalia. Akaangalia kamba nyuma na mbele kama kuna ingine nimesahau. "Ni moja."

"Ni moja."

"Ukiiacha hapa uende, itakuwa ni kulipa. Tutaila pamoja. Leta kisu, iko kwa dirisha."

Akaikata yeye mwenyewe, akaweka yote kwa sufuria moja, akaniambia nichochee moto na nisiongee sana. Ngege ikaanza kutoa harufu. Nilikuwa nimechagua kipande changu kwa macho, kile cha katikati, karibu na mgongo. Kukhu akakoroga obusuma, akapakua, akaweka sahani mbili. Halafu akainua kichwa. Kwa njia, mbali kama kutoka hapa mpaka kanisani, kulikuwa na mtu anasukuma baiskeli na gunia. Mimi nilimwona kama kisiki.

"Mulembe!" Kukhu akaita. "Umekula?"

Hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa anapeleka mkaa, na siku hiyo hakuwa amekula tangu asubuhi. Akaegesha baiskeli. Kukhu akachukua sahani yangu, akatoa kile kipande cha katikati, akamwekea yeye, akanisogezea bakuli.

"Wewe mwanangu," akasema, "kunywa supu. Ndiyo iko na nguvu."